Riziki ya Kutosheleza: Mshahara Mzuri Ulipimwaje Zama za Makhalifa?



Tumekuwa tukiulizwa mara kwa mara, na waulizaji wengi ni wajumbe wa kamati za misikiti na wasimamizi wa madrasa, kuwa imamu alipwe kiasi gani, na mwalimu wa Qur'ani alipwe kiasi gani, hata isemwe kuwa amelipwa vizuri. Kwa kawaida swali hili hujibiwa kwa njia mbili. Wako wanaoutazama msikiti wa jirani: wao wanatoa laki moja, basi nasi tutoe laki moja. Na wako wanaosema kuwa kazi ya dini ujira wake uko kwa Allah, kisha wakamtaja Sayyidna Umar (r.a.) na nguo yake yenye viraka. Tunaujua msikiti mmoja, wala hatuutaji, ambao kamati yake ilijadili posho ya ustadh kwa muda mrefu, kisha ikafunga mjadala kwa hoja kuwa ustadh hula hitimani na kwenye maulidi. Ustadh huyo ana watoto watano, na hitima haziji kila siku.

Majibu yote mawili hayana asili katika vitabu vyetu. La kwanza linampima mtu kwa mwenzake bila kujua kama huyo mwenzake anatoshelezwa. La pili linamtaja Umar (r.a.) bila kusoma alivyofanya Umar. Tumeonelea basi tuirejee historia yenyewe, kwani jambo hili Waislamu walilikuta mapema sana, katika siku za mwanzo kabisa za Ukhalifa, na wakalitafutia kipimo.

Alipopewa baia Sayyidna Abubakar (r.a.) mwaka wa 11 Hijria (632), alikuwa mfanyabiashara wa nguo. Wapokezi wamesimulia kuwa asubuhi yake alitoka na nguo zake begani kuelekea sokoni, kama alivyozoea. Akakutana na Umar na Abu Ubayda (r.a.), wakamwuliza anakwenda wapi ilhali amekwishabeba jambo la Waislamu. Naye akawauliza atawalisha nini watu wake. Hapo ndipo masahaba walipokaa wakamkadiria riziki yake kutoka baitul-mali. Katika Sahihi ya Bukhari, Bibi Aisha (r.a.) amepokea maneno ya baba yake yenye maana kuwa watu wake wanajua kwamba biashara yake haikushindwa kuilisha familia yake, bali sasa ameshughulishwa na kazi ya Waislamu, hivyo familia yake itakula katika mali hiyo naye ataifanyia kazi.

Tuitazame hoja hii kwa makini. Hakudai malipo kwa sababu ya cheo, wala hakuombewa kwa sababu ya ufukara. Sababu ni kuwa muda wake umechukuliwa. Mtu aliyezuiliwa asichume kwa sababu ya maslahi ya Waislamu, Waislamu ndio wanaobeba haja zake. Wanavyuoni wamelijengea jambo hili kanuni, na wakaitumia kwa kadhi, mufti, mwalimu na askari.

Ama kiasi, riwaya zimetofautiana. Iko isemayo kuwa alipangiwa nusu ya kondoo kila siku pamoja na nguo za kipupwe na za kiangazi. Na Ibn Saad amepokea katika Tabaqat kuwa walimwekea dirhamu 2,000, akawaambia wamwongeze kwani ana watu wanaomtegemea nao wamemzuia asifanye biashara, wakamwongeza 500. Ni kwa mwaka. Baadhi ya wasomaji wanaona hapa kuna mgongano. Sisi twaona zinakaribiana, na njia ya kuzikaribisha ni bei ya kondoo.

Bei hiyo tunaweza kuikadiria. Katika barua ya zaka aliyoiandika Abubakar (r.a.), nayo imo katika Bukhari kwa upokezi wa Anas (r.a.), mwenye kuwajibikiwa na ngamia wa umri fulani asiwe naye, hutoa wa umri ulio chini yake na kuongeza kondoo wawili au dirhamu 20. Kondoo mmoja basi ni sawa na dirhamu 10. Mwaka wa Hijria una siku 354, na nusu ya kondoo kila siku ni kondoo 177, yaani dirhamu 1,770. Hatuko mbali na 2,000. Ni kana kwamba aliyesema kondoo alitaja matumizi, na aliyesema dirhamu alitaja thamani yake. Mpangilio wa namna hii, wa kuanzia jikoni kisha ndipo kufika kwenye fedha, ndio tutakaouona tena kwa Umar (r.a.), na kwa uwazi zaidi.

Umar (r.a.) aliulizwa ni kipi kilicho halali kwake katika mali ya Waislamu. Jibu lake limepokewa kwa njia nyingi, na muhtasari wake ni huu: nguo mbili, moja ya kipupwe na moja ya kiangazi, kipando cha kuhijia na kufanyia umra, na chakula chake na cha watu wake kama chakula cha mtu wa Kikureshi ambaye si tajiri wao wala si fukara wao. Kisha akajifananisha na walii wa mali ya yatima, ambaye Qur'ani katika Suratun Nisaa imemwamuru ajizuie akiwa anajitosheleza, na ale kwa wema akiwa mhitaji.

Wanaoutumia umasikini wa Umar kuwabania maimamu wangeisoma riwaya hii. Kipimo alichojiwekea hakikuwa cha chini kabisa. Kilikuwa cha katikati ya watu wake. Kama baadaye alikula chini ya hicho, na hasa mwaka wa ukame wa Ramada, mwaka wa 18 Hijria, alipojizuilia samli na watu wana njaa, hiyo ilikuwa zuhdi yake mwenyewe juu ya nafsi yake. Zuhudi haimlazimu mwingine. Mtu hawezi kuwa zahidi kwa tumbo la mwenzake.

Kisa kinachotustaajabisha zaidi ni cha jarib. Jarib ni kipimo cha nafaka kilichotumika Iraq. Abu Ubayd al-Qasim bin Sallam (aliyefariki mwaka 224 Hijria) amekipokea katika Kitabul Amwal, na Baladhuri katika Futuhul Buldan. Umar (r.a.) alitaka kujua mtu anahitaji chakula kiasi gani. Hakukisia, wala hakuuliza mji mwingine unatoa nini. Aliamuru jarib moja ya nafaka isagwe, ipikwe mkate, ifanywe tharidi kwa mafuta, kisha akaita watu 30 wakala chakula cha mchana mpaka wakashiba. Jioni akafanya vivyo hivyo kwa jarib nyingine. Akajua kuwa jarib mbili zinawalisha watu 30 siku moja, na kwa hiyo zinamlisha mtu mmoja siku 30. Akapitisha jarib mbili kila mwezi, kwa mwanamume, mwanamke na mtumwa sawasawa. Riwaya inaendelea kusema kuwa ikawa mtu akitaka kumwapiza mwenziwe humwombea Allah amwondolee jarib zake mbili.

Haya yalitendeka zaidi ya miaka 1,350 iliyopita. Leo wataalamu wa takwimu huhesabu kapu la bidhaa za kaya, wakatoka nalo sokoni kila mwezi kuuliza bei. Umar (r.a.) aliliweka kapu hilo mezani na kuangalia nani anashiba. Tena alikuwa tayari kuirekebisha hesabu yake pale ilipodhihiri kuwa inaumiza. Hapo mwanzo posho ya mtoto ilianza baada ya kuachishwa ziwa. Usiku mmoja akasikia mtoto akilia sana, akamwuliza mama yake, naye bila ya kumjua akamwambia kuwa anamwachisha mapema kwa sababu Umar hawapangii ila walioachishwa. Asubuhi akatangaza kuwa watoto wasiharakishwe, na kila anayezaliwa katika Uislamu amewekewa fungu lake. Fungu hilo lilikuwa dirhamu 100, likiongezeka anapokua.

Ama wafanyakazi wa dola, aliwatuma Kufa watu watatu: Ammar bin Yasir kwa swala na jeshi, Abdullah bin Masud kwa ukadhi na baitul-mali, na Uthman bin Hunayf kwa upimaji wa ardhi (r.a.). Abu Yusuf ameeleza katika Kitabul Kharaj kuwa aliwapangia kondoo mmoja kila siku: nusu yake na matumbo kwa Ammar, robo kwa Ibn Masud na robo kwa Ibn Hunayf. Na papo hapo akaongeza neno lenye maana kuwa ardhi inayotolewa kondoo kila siku haitakawia kuharibika. Alitoa, na huku akiogopa. Mpangaji mishahara asiyekuwa na hofu hiyo kwa mali ya umma ni hatari kama yule asiyetoa kabisa.

Kufa hiyohiyo alikuwako Kadhi Shurayh, aliyedumu katika ukadhi miaka mingi. Imepokewa kuwa Umar alimpa dirhamu 100 kwa mwezi, kisha Ali (r.a.) akampa 500. Hakuna anayeweza kumtuhumu Ali (r.a.) kwa kuichezea baitul-mali. Lakini baina ya zama mbili hizo mji ulikua, mali za ushindi ziliingia kwa wingi, na thamani ya dirhamu mkononi mwa mtu haikubaki ilivyokuwa. Mshahara uliotosha jana ukaachwa jinsi ulivyo, leo ni pungufu hata kama tarakimu yake haikuguswa.

Kwamba masahaba walilielewa hili, dalili yake iko wazi katika mlango wa diya. Abu Daud amepokea kwa njia ya Amr bin Shuayb kuwa zama za Mtume (s.a.w.) thamani ya diya ilikuwa dinari 800 au dirhamu 8,000. Umar alipokuwa Khalifa alisimama kuhutubia akasema kuwa ngamia wamepanda bei, akaiweka kuwa dinari 1,000 kwa watu wa dhahabu, dirhamu 12,000 kwa watu wa fedha, na kondoo 2,000 kwa wafugaji. Msomaji mwenye hesabu ataona kuwa hapa kondoo anatoka kwa dirhamu 6, na si 10 kama katika barua ya zaka. Hatuoni tatizo. Bei ya mnyama hutofautiana kwa mji, kwa umri wake na kwa msimu, na hiyo ndiyo hoja yetu. Asili ya diya, nayo ni ngamia 100, haikubadilika. Kilichobadilika ni fedha inayosimama mahali pake.

Karne nne baadaye alikuja aliyeyakusanya haya na kuyaandikia kanuni. Naye ni Imam Abul Hasan al-Mawardi, mwanachuoni wa Kishafii na kadhi, aliyefariki Baghdad mwaka 450 Hijria (1058). Katika Al-Ahkamus Sultaniyya, alipozungumzia diwani ya askari, ameeleza kuwa posho hukadiriwa kwa kutosheleza, ili mtu asihitaji kutafuta chumo litakalomtoa kwenye ulinzi wa Waislamu. Na utoshelevu huo hutazamwa kwa mambo matatu. Idadi ya watu anaowalisha. Idadi ya farasi na vipando anavyovitunza, yaani gharama za kazi yenyewe. Na mahali anapoishi, kwa ughali wake na urahisi wake. Hukadiriwa matumizi yake na mavazi yake ya mwaka mzima, na hicho ndicho huwa kipato chake. Kisha hali yake hutazamwa upya kila mwaka: zikizidi haja zake za lazima huongezwa, zikipungua hupunguzwa.

Tunamwomba msomaji asimame kidogo kwenye jambo la tatu. Mawardi anasema kuwa watu wawili wenye kazi moja na watoto sawa, mmoja akiwa mji wa ghali na mwingine mji wa rahisi, hawapewi sawa, na hiyo ndiyo insafu. Katika nchi zetu, Kenya imekuwa na jambo linalofanana na hili katika amri zake za mishahara, kwani kima cha chini hutofautishwa baina ya miji mikubwa kama Nairobi, Mombasa na Kisumu, miji mingine, na sehemu zilizobaki. Tanzania Bara imefuata njia ya kutofautisha kwa sekta. Mei 1, 2025 ilitangazwa kuwa kima cha chini cha watumishi wa umma kitapanda kutoka shilingi 370,000 hadi 500,000 kuanzia Julai ya mwaka huo, na kiasi hicho ni kimoja kwa aliyeko Dar es Salaam anayelipa kodi ya nyumba na nauli mbili kwa siku, na kwa aliyeko kijijini mwenye shamba lake la mahindi nyuma ya nyumba. Hatusemi kuwa serikali imekosea, kwani kupanga mamia kwa maelfu ya watu ni jambo jingine. Lakini kamati ya msikiti ina imamu mmoja na walimu wawili. Haina udhuru wa kutojua wana watoto wangapi na nyumba zao ni za nani.

Je, kuna kiwango ambacho chini yake tunaweza kusema kwa yakini kuwa mshahara ni mbaya? Ndiyo, na kipo katika mlango wa zaka. Wanavyuoni wetu wa Kishafii wamepiga mfano wa mtu anayehitaji kumi. Asiyepata nusu ya haja yake, kama mwenye mbili au tatu, ni fakiri. Mwenye saba au nane ni maskini. Wote wawili wana haki katika zaka. Imam Nawawi (aliyefariki 676 Hijria) ameweka wazi katika Minhaj kuwa nyumba anayoishi mtu na nguo zake hazimtoi katika ufakiri, na wanavyuoni wakaviingiza pia vitabu vya mwenye elimu anavyovihitaji. Maana yake ni kuwa mtu anaweza kuwa na kazi ya kudumu, nyumba ya kurithi na kanzu safi ya Ijumaa, na bado akawa ni mstahiki wa zaka kwa sababu mshahara wake unamfikisha saba katika kumi.

Hapa liko jambo zito kwa kamati. Msikiti unaomlipa mwalimu wake saba katika kumi, kisha mwezi wa Ramadhani ukamwita kwenye foleni ya wapokea zaka pamoja na wajane wa mtaa, umekwishajihukumu wenyewe kuwa haukumtosheleza. Si haramu kwake kupokea. Lakini uwezo ukiwepo, kwa nini alipwe kwa jina la umaskini kile ambacho angelipwa kwa jina la kazi?

Na kiwango cha juu? Abu Daud amepokea kutoka kwa al-Mustawrid bin Shaddad (r.a.) hadithi yenye maana kuwa anayefanya kazi ya Waislamu asiye na mke na aoe, asiye na mtumishi na apate mtumishi, asiye na makazi na apate makazi, na atakayechukua zaidi ya hayo amefanya hiyana. Wanavyuoni wamefahamu kuwa haya ni katika riziki ya kazi yake, si kwa kujichotea. Ndoa, msaidizi na nyumba: tukiyatia mizani leo, hayo si maisha ya kubahatisha mlo. Kuhusu kuongeza baada ya kutosheleza, Mawardi ametaja hitilafu: Imam Shafii alizuia hata kama mali ni nyingi, na Abu Hanifa akajuzisha mali ikiwa na nafasi. Sisi twaona hitilafu hii ni ya wenye neema. Wengi wetu bado hatujafika mahali pa kuihitaji.

Umar bin Abdul-Aziz (aliyetawala 99 hadi 101 Hijria), ambaye nyumbani kwake kulikuwa na dhiki inayojulikana, aliwapa maliwali wake dinari 100, na wengine 200, kwa mwezi. Hoja yake ilikuwa kwamba wakitoshelezwa watajitenga na shughuli nyingine kwa ajili ya kazi za Waislamu. Alipoulizwa kwa nini hawapi watu wake kama anavyowapa wao, akajibu kuwa hawazuilii watu wake haki yao, wala hawapi haki ya wengine.

Limebaki suala la kuwa swala ni ibada, itauzwaje? Imam al-Qarafi wa madhehebu ya Maliki (aliyefariki 684 Hijria) amelifafanua katika Al-Furuq kwa kutofautisha riziki na ujira. Ujira ni mkataba wa kubadilishana, kazi kwa thamani yake. Riziki ni msaada wa kumwezesha mtu kusimama kwenye maslahi ya Waislamu. Kwa hiyo hata wasiosihisha kumkodi mtu kwa uimamu hawakuizuia riziki ya baitul-mali na wakfu. Mahanafi wa mwanzo walikataza ujira wa kufundisha Qur'ani, na waliokuja baadaye wakajuzisha walipoona posho za baitul-mali zimekatika na elimu inakaribia kupotea. Na kwetu Mashafii ujira wa kufundisha unafaa tangu asili. Faida ya tofauti ya al-Qarafi kwa kamati ni hii: kwa kuwa anachopewa imamu ni riziki, kipimo chake ni haja zake, si dakika za swala tano. Anayesema kuwa imamu anafanya kazi saa moja na nusu tu kwa siku ameihesabu riziki kwa mizani ya ujira, kisha akaisahau hata hiyo mizani anapomtaka asitoke mtaani mchana kutwa kwa ajili ya mazishi, ndoa na ruqya.

Wala asiye na haja hatakiwi kukataa ili awe mfano wa kuwabana wenzake. Abdullah bin as-Saadi (r.a.) alikuwa akiukataa ujira wa kazi ya umma kwa kuwa alikuwa na farasi na watumwa na akijitosheleza, akitaka kazi yake iwe sadaka. Bukhari amepokea kuwa Umar (r.a.) alimkataza, akamwambia kuwa naye alitaka hivyo hivyo zama za Mtume (s.a.w.), na Mtume akamwamuru achukue, kisha aiweke au aitoe sadaka.

Na Abu Ubayd amepokea kuwa Umar bin Abdul-Aziz aliwatuma Yazid bin Abi Malik na al-Harith bin Yumjid kuwafundisha dini watu wa majangwani, akawapangia riziki wote wawili. Yazid akapokea. Al-Harith akakataa, akasema hawezi kuchukua malipo kwa elimu aliyofundishwa na Allah. Wakamwandikia Khalifa. Jibu lake likarudi kuwa hatujui ubaya wowote katika alilolifanya Yazid, na Allah awazidishe kati yetu watu mfano wa al-Harith. Riziki ya Yazid haikupunguzwa.